Mbeleko ya Somo

Ukitaka kujua Somo ameamkaje, hukuwa na haja ya kumtazama usoni. Uliitazama leso yake. Akiwa radhi na dunia alijitanda ile ya manjano yenye korosho pembeni, maneno yakatokea nyuma chini ya mabega, ili anayemfuata njiani apate cha kusoma. Akiwa amekasirika aliigeuza, maneno yakawa ndani, nasi kichochoro kizima tukajua leo si siku ya kwenda kumwomba chumvi.

Tulimwita Somo sote, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu hapa Kibokoni hapakuwa na msichana aliyeolewa kabla ya kukaa mbele yake. Yeye ndiye aliyetufunza kujitanda, kujifukiza udi, kumpokea mume na kumnyamazia, na pia kumsema anapostahili kusemwa. Jina analo, na waliompa wanalijua. Mimi nikilitamka naona kama namvunjia heshima, basi sitalitamka hapa.

Mimi ni mpinda leso. Cherehani yangu iko dirishani, na mlango wa Somo unatazamana na dirisha hilo. Leso ikinunuliwa huwa mbili zimeshikana, na haivaliki mpaka ikatwe na kupindwa, kwa hiyo zote alizovaa tangu nilipoolewa mtaani hapa zimepita mikononi mwangu. Alikuwa msumbufu, wallahi. Uzi ukienda upande kidogo atakurudishia na kukuuliza kama ulikuwa ukishona huku umelala.

"Nguo husema kabla mdomo haujafunguliwa," ndiyo kauli yake. "Sasa wewe waipa kigugumizi."

Kulikuwa na jirani mmoja, Mungu amrehemu, waliyegombana naye kwa sababu ya maji machafu yaliyomwagwa mlangoni. Hawakutukanana hata siku moja. Jirani alitoka asubuhi na leso isemayo WIVU HAUNA DAWA. Somo akaisoma, akatabasamu, akasema sabalkheri, akaenda zake Mtaa wa Biashara. Aliwapindulia wenye maduka leso mpaka wakamchoka. Siku ya pili alitoka na DAWA NINAYO MGONJWA HATAKI. Vita hivyo viliendelea mwezi mzima, wakipishana kwa salamu tamu kama asali, nasi tuko madirishani twasoma na kucheka. Jirani alipougua, Somo alivaa leso kuukuu iliyofutika maneno, akaingia kumwogesha na kumlisha uji mpaka akapona. Hakuna aliyeomba radhi. Leso isiyo na neno ilikuwa imeshaomba.

Msidhani alikuwa walii. Alitufunza subira ya ndoa, na yeye mwenyewe alikuwa ameachana na waume wawili, wa pili kwa kumtupia virago vyake barazani mchana kweupe. Alitukataza tambuu ati meno ya bibi harusi yawe meupe, na yake yalikuwa mekundu kwa tambuu. Abaya za siku hizi zenye shanga na vimetameta aliziita pazia za hoteli, akashikilia buibui lake la kizamani la kamba, lakini jioni ungemkuta mbele ya televisheni akitazama mieleka ya wanaume walio nusu uchi na kuwapigia kelele: "Mtupe! Mtupe huyo, ana kiburi!"

Na siasa hakuitaka hata kidogo. Msimu wa uchaguzi walipopita kugawa leso zenye sura za wagombea, yeye alipanga foleni kama wenzake, akapokea, akashukuru. Kesho yake unaikuta ile sura mlangoni pake, yafutiwa miguu. Ukiingia kwake ulikuwa unamkanyaga mheshimiwa kwanza ndipo ukanywa kahawa. Tulicheka sana wakati ule. Sasa nikikumbuka sicheki.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu. Alimpata ukubwani, watu wameshakata tamaa kwa niaba yake. Alimbeba kwa mbeleko mpaka miguu ya mtoto ikawa inamgonga magotini, wanawake wakimcheka: Somo, huyo si mtoto tena, huyo ni mzigo wa Kilindini. Mbeleko yenyewe ilikuwa leso ya bluu yenye mpaka mwekundu, na alipokua mwanawe aliifua, akaikunja, akaiweka ndani ya kasha pamoja na vijiti vya udi. Mimi niliijua kwa sababu aliniletea niitie pindo jipya mwanawe alipooa. Alitaka mjukuu abebwe kwa hiyohiyo.

Kijana mwenyewe alikuwa mpole, dereva wa tuktuk, akipeleka watu Tudor na kurudi. Jioni moja alitoka msikitini baada ya Magharibi. Watu waliovaa kiraia walimshika wakati akikaa kwenye usukani, wakamtia ndani ya gari lisilo na namba, wakaondoka. Waliokuwa pale waliona, na wote waliona vilevile. Tuktuk ilibaki kando ya barabara taa yake ya kukatia kona ikiwakawaka, hakuna aliyejua kuizima, mpaka betri ikafa.

Somo alioga. Nakumbuka hilo kwa sababu nilimlilia aharakishe, naye akanambia, "Siendi mbele ya watu na jasho." Akavaa buibui lake zuri na viatu vya Idi, akajitia hina iliyobaki kwenye kucha, tukaenda kituo cha polisi. Aliamini, maskini, kwamba mtu akimwona mwanamke mzima aliyejistiri vile atasimama, atampa kiti, atamsikiliza. Kijana aliyekuwa kwenye kaunta hakuinua kichwa.

"Shosho, ngoja pale."

"Mimi si shosho wala bibi yako," Somo akasema polepole. "Mimi ni mama ya mtu. Mwanangu yu wapi?"

"Hapa hayuko. Jaribu kwingine."

Tulijaribu kwingine. Tulijaribu kila kwingine kulikokuwapo kisiwani na ng'ambo ya kisiwa. Kila mahali alivaa vizuri, na kila mahali tulikalishwa kwenye benchi mpaka wakachoka kutuona. Hospitali. Vyumba vya maiti, ambako alikuwa akisukuma mlango mwenyewe, akitazama, akitoka akisema "Alhamdulillahi, si yeye," na hapohapo analia kwa sababu si yeye. Hakuna tabu mbaya kama hiyo, ya kushukuru na kulia kwa jambo moja.

Mkaza mwanawe ndiye aliyemvunja kwanza. Msichana alikuwa mja mzito, Somo alimfunza mwenyewe, na asubuhi moja alikuja na kukaa chini mbele yake kama alivyokaa siku za harusi.

"Somo, nambie. Nikae eda au nisikae? Nivue dhahabu? Nijitie manukato? Mimi ni mke au mjane?"

Nilikuwapo. Huyu ndiye mwanamke aliyejua mjane avae nini, aoge lini, amjibu nani akiwa nyuma ya pazia gani. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali la mambo hayo akakosa jibu.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Hili hatukufunzwa."

Msichana akarudi kwao, na mimba ile haikukaa. Somo alisema ni Mungu, nasi tukasema ni Mungu, lakini alipofunga mlango siku ile tulimsikia akipiga kichwa ukutani.

Ndipo akatoka barabarani, yeye asiyetaka siasa. Kumbe hakuwa peke yake. Walikuwapo kina mama wengine waliochukuliwa watoto, wa hapa mjini na wa Tudor, na mmoja wa Kilindini tuliyemwita Mama Atieno, Mkristo kutoka bara, mumewe kuli bandarini, mwanawe wa kiume kaondoka nyumbani kununua mkate na hakurudi. Walikusanyika barazani kwa Somo wakiwa na mabango yameandikwa majina ya watoto. Akawatazama walivyojifunga leso viunoni juu ya mabuibui, akaguna.

"Mwajifunga kama mwenda ngomani. Fungeni kama mliozaa jana."

Akaenda kwa mmoja mmoja, akawafungua, akawafunga upya kwa ule mkazo wa mkaja, mwanamke anapofungwa tumbo baada ya kuzaa, mpaka wengine wakapiga yowe. Mama Atieno alikuja na gauni na kitambaa cha kichwa, hana leso. Somo akavua yake, akamfunga, akamwambia, "Nawe ulizaa. Tumbo halina dini." Yule mama akamshika mikono, machozi yanamtoka.

Tulikwenda. Nilikwenda nami, ingawa wangu wote wako nyumbani, alhamdulillahi. Tulipofika karibu na ofisi za serikali walitupigia gesi. Somo alikuwa ametutahadharisha tubebe maji, basi tukalowesha pembe za leso tukajifunika pua. Askari waliyanyakua mabango, wakayachana mbele yetu, majina ya watoto yakawa vipande barabarani. Mama mmoja alikuwa akiviokota na kuviunganisha magotini mwake huku akikohoa. Hilo halinitoki.

Usiku huohuo Somo hakulala, na asubuhi alikuwa na fikira yake. Alituita.

"Neno lachanwa, mmeona wenyewe. Basi tusiwape neno. Tuwape kitu ambacho kila mtu alikijua kabla hajajua kusema."

Mkubwa mmoja kutoka Nairobi, sina haja ya kumtaja, alikuwa anakuja kufungua ukumbi mpya upande wa Tudor. Fikira ya Somo ilikuwa hii. Kila mama achukue mbeleko aliyombebea yule mtoto aliyepotea. Zitandikwe chini mlangoni, pale atakapopita. Kila mama akae nyuma ya mbeleko yake, amenyamaza, hana bango wala kelele. Mkubwa atashuka garini, atazikuta.

"Hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke atakayekanyaga mbeleko," akasema. "Atasimama. Akishasimama ataona haya, atauliza, hizi ni za nini? Na hapo ndipo tutamuuliza watoto wetu wako wapi."

Tukaona ni kweli. Hapa kwetu ukiona mbeleko imeanguka njiani unaiokota na kuitungika ukutani, mwenyewe aje aione. Mtoto mdogo akiiruka tu anakemewa. Nani angeikanyaga?

Ni Mama Atieno aliyesema. Alisema kwa adabu, akijua yuko barazani kwa watu.

"Mama, usinikasirikie. Huyu mtu haji na macho yako. Sehemu nyingi mkubwa akija, kina mama humtandikia leso apite juu. Hata hapa nimeona kwenye harusi, bibi harusi anatandikiwa. Akiona nguo chini, atajuaje hii si ya kupita?"

"Za harusi ni mpya, zimefukizwa udi. Hizi zimechakaa, zina madoa ya maziwa. Nani amtandikie mgeni kitambaa cha maziwa?"

"Basi tubebe hata picha za watoto. Au niseme mimi. Mimi sauti ninayo."

"Mama Atieno," Somo akasema, na alisema kwa upole, sitaki mtu afikiri alimdharau, "ukianza kumsemea mtu aliyekosa haya, umempa nafasi ya kukujibu. Mwache nguo imtazame."

Mvua ilinyesha alfajiri ya siku ile na pale mbele ya ukumbi palikuwa bado udongo, mafundi hawajamaliza. Tuliogopa askari watatuzuia. Hawakutuzuia! Walituona wanawake wazima tumevaa mabuibui, leso mikononi, wakatusogezea kamba tupite mpaka mbele kabisa. Mmoja akanishika mkono nisiteleze. Tukaona ni kudra ya Mungu. Tukatandika juu ya matope, moja baada ya nyingine, nguo zilizopauka, nyingine zimebaki nyuzi, ya Mama Atieno ilikuwa shuka nyembamba ya miraba aliyokuja nayo kutoka kwao. Ya Somo, ile ya bluu yenye mpaka mwekundu, ilikuwa ya kwanza. Upande wa pili walikuwapo kikundi cha mapokezi, leso mpya za sare zina sura ya mgeni kifuani na makalioni, ngoma tayari, vipaza sauti tayari.

Gari likaja. Akashuka. Akaziona.

Nami nakwambieni niliuona uso wake, nilikuwa karibu kama mtu na kikombe chake. Ulichangamka. Alifurahi kama mtoto! Akavua kofia, akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akasema, "Asanteni sana, kina mama. Asanteni. Hii ndiyo Mombasa." Akakanyaga.

Alikanyaga katikati ya mbeleko ya Somo kwa kiatu chenye matope, akaenda ya pili, ya tatu, akipunga mkono. Nyuma yake walinzi, nyuma ya walinzi wapambe, viatu na viatu. Kikundi cha mapokezi kilipoona mgeni amefurahi kikapiga vigelegele, ngoma ikapamba moto. Mama Atieno aliinuka akapiga ukelele, "Si za kwako hizo! Mtoto wangu yuko wapi?" Ukelele ule ukamezwa na ngoma, na askari wa kike akamkumbatia, akamtoa kando akimbembeleza, "Tulia mama, utamsalimia baadaye, usisukumane."

Somo alikuwa ameinua mkono. Mdomo wazi. Sauti hakuna.

Mgeni alipokuwa anatoka alitukuta palepale, hatujui tuondoke au tukae. Akamwendea Somo. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mwanamke ambaye hajawahi kupeana mkono na mwanamume asiye maharimu wake. Na hapo sauti ikamrudia.

"Mwanangu yu wapi?"

Ngoma ilikuwa ikivuma. Yule mtu akainama, akatega sikio, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa.

"Nimesikia, mama," akasema. "Nimesikia." Akaingia garini.

Jioni tulijiona kwenye televisheni. Walieleza jinsi kina mama wa Pwani walivyompokea mgeni wao kwa heshima ya mila na desturi. Walituonyesha vizuri, picha safi, na uso wa Somo ukaonekana umeinua mkono, kama anayeshangilia. Jamaa wa mbali walipiga simu kumpongeza.

Mama Atieno alikuja kesho yake. Tulidhani amekuja kumsuta, na haki alikuwa nayo. Alisimama mlangoni akasema, "Nilikwambia, mama." Kisha akaingia, wakakaa chini pamoja, wakashikana, wakalia mpaka adhana ya adhuhuri. Yeye hakuacha. Mpaka sasa anazunguka, ana picha ya mwanawe imebandikwa kifuani, anasema kwa sauti yake. Hajapata jibu naye. Lakini Somo hakwenda tena popote.

Alichokifanya ni kuvua. Leso zote zenye maneno alizigawa, ile ya manjano akanipa mimi. Akawa anajitanda shuka tupu. Wenye harusi walipokuja kumwita awafunzie mabinti, aliwarudisha mlangoni.

"Nitamfunza nini? Lugha yangu nimekwisha isema mbele ya dunia, na dunia ikashukuru ikapita juu."

"Si wewe uliyekosa, Somo," nilimwambia siku moja. "Ni yeye ndiye hajui."

"Mwenye kutandika ni nani?" akaniuliza. "Nani aliyewaambia wale mama wazitoe kwenye makasha? Zilikuwa salama huko."

Na juu ya kidonda wakamtia chumvi. Baada ya miezi alikuja bwana mmoja, mstaarabu, kanzu imepigwa pasi, akamwamkia na kueleza kwamba kuna mgeni mwingine anakuja, na wakubwa wamevutiwa sana na jinsi wale bibi walivyotandika, je, anaweza kuwakusanya tena? Kila mmoja angepewa leso mpya. Nilitaka nimmwagie maji ya moto, Mungu ananiona. Somo alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kahawa. Bwana akanywa. Akaambiwa hapana, akaenda zake hajui alichokuja kufanya.

Tangu hapo amekuwa mtu wa kitandani. Si ugonjwa wenye jina. Daktari alimpima akasema moyo umechoka, na hilo hata mimi mpinda leso ningelisema. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wahenga hawakuongeza wala hawakupunguza.

Majuzi, baada ya alasiri, alituma niitwe. Nikaenda. Nilizoea kupangusa miguu kwenye ile sura ya mheshimiwa mlangoni, nikaona haipo, sakafu tupu.

"Masalkheri, Somo."

"Akheri, mwanangu. Ndoo huku, kaa karibu. Nifungulie kasha."

Nikafungua. Harufu ya udi ikanipiga. Mbeleko ilikuwa juu, imekunjwa, na nilipoikunjua udongo mkavu ulidondoka mapajani mwangu. Hakuwa ameifua. Alama ya kiatu ilikuwa palepale katikati, kisigino na vidole, michirizi ya soli yote yasomeka.

"Pindo limefumuka huku," akasema. "Nipindie. Lakini usiifue."

"Nipinde nguo chafu, Somo? Wewe?"

"Mimi." Akapumzika kidogo, pumzi zinampaa. "Nikifa, jeneza langu lifunikwe hiyo. Si nguo nyingine."

Nikamwambia nguo ya kufunikia jeneza la mwanamke huwa safi, nzuri, imefukizwa, yeye ndiye aliyetufunza hivyo. Watu watasema nini? Watasema Somo hakuwa na mtu wa kumfulia.

"Na waseme. Ndiyo nitakayo." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi sana. "Sikiza. Maiti akipita, nani asiyesimama? Wenye maduka husimama. Magari husimama. Hata askari, hata wa bara, huvua kofia akasimama, hilo hahitaji kufunzwa. Mumeo na wenzake wasinipitishe vichochoroni. Wanipitishe barabara kubwa, mbele ya kituo kile tulichokalishwa benchi. Polepole. Nilikosea, niliitandika chini. Waiinue juu mabegani."

Nililia. Sikujificha. Nilimwambia, Somo, ndiyo njia pekee hiyo uliyoiona, ufe ndipo wasimame? Akasema, "Nambie nyingine." Nikatafuta. Nilitafuta kweli, pale nimekaa, nikizunguka moyoni mahali pote tulipokwisha kwenda. Sikuwa nayo.

"Na akirudi?" nikamuuliza. "Akirudi kabla?"

Macho yake yakafunguka, yakawa yale ya zamani ya kunirudishia kazi mbovu.

"Akirudi, ifue siku hiyohiyo. Uifue vizuri, utie na buluu, uianike. Atamwoa upya yule binti wa watu, watapata mtoto, atahitaji mbeleko." Kisha akageukia ukutani. "Haya, nenda. Mwanga wakuishia."

Nimeipinda. Nimezungushia uzi mwekundu kama mpaka wake, na umeenda sawa, hatakuwa na la kunirudishia. Nilishona polepole nikiinua nguo kwa vidole, nisije nikaupukutisha udongo wa kile kiatu. Sasa imekunjwa juu ya cherehani. Na kando yake nimeweka mche mpya wa sabuni na pakiti ya buluu, nilivyovinunua dukani jioni ileile nilipotoka kwake. Kila asubuhi nafungua dirisha, natazama mlango wa Somo, naangalia kama kuna mtu anayeingia. Sabuni bado iko kwenye karatasi yake.